Radi ya Kaukeni Haihami

Palikuwa na nchi, na kama unaijua, tafadhali usiseme. Jina lake nami sitalitaja. Si kwa woga, la hasha. Jina hilo liko mbele ya kamati ya mapitio tangu mwaka juzi, na raia tumeombwa tusilitumie mpaka kamati imalize posho zake. Mwananchi mwema husubiri. Mimi, Ngwali, ni mwananchi mwema, mtumishi wa umma daraja la kumi na nne, na kazi yangu ni kumwagilia zulia.

Zulia hilo lina historia yake. Wazee wa mji wetu wa Kaukeni waliomba maji ya bomba kwa miaka arobaini. Waliandika barua, walituma wajumbe, waliwachezea ngoma mawaziri saba, na kila mara walijibiwa kwa heshima kwamba serikali inawapenda ila haina uwezo. Kisha nchi moja rafiki ikatupa msaada wa zulia la buluu la kuchezea mpira wa magongo. Lilikuwa likipelekwa mji mkuu, lakini lori likafa ekseli Kaukeni, na kwa kuwa hakuna waziri aliyekuwa tayari kusaini kuharibika kwa lori, ikatangazwa kwamba Kaukeni ndiko lilikokuwa likienda tangu mwanzo.

Sasa zulia lile ni la kulowekwa. Likikauka, mpira hautelezi na wachezaji wanachunika magoti mpaka nyama nyekundu. Kitabu cha maelekezo kilisema hivyo ukurasa wa pili. Serikali iliposoma ukurasa wa pili ilichimba kisima kilomita tisa kutoka mjini, ikafunga pampu, ikalaza bomba hadi uwanjani, yote kwa wiki kumi na moja. Zulia liliomba mara moja tu. Halafu, ili lisikae bure, tukaundiwa timu, Radi ya Kaukeni, na fundi vyuma mmoja aitwaye Damasi Mtewele akateuliwa kuwa nahodha kwa sababu ndiye aliyekuwa na mikono mirefu.

Mimi nikakabidhiwa koki. Jumatano na Jumapili, siku za mechi, nafungua kufuli nusu saa kabla ya mchezo, na tena wakati wa mapumziko. Siku nyingine koki inalala na mji unalala nayo.

*

Sheria ya Maji ya Michezo iko wazi. Raia haruhusiwi kuchota, kukinga, kuazima wala kutamani maji ya uwanjani. Adhabu ni miaka miwili, na kwa mtumishi wa umma anayeshiriki, minne. Lakini hakuna sheria inayomkataza shabiki kuingia uwanjani na ngoma, na huko kwetu ngoma ni ndoo.

Kwa hiyo watu elfu nne waliingia kila mechi wakipiga ndoo zao kwa nguvu, wakakaa mstari wa mbele kabisa, na mimi, kwa bahati mbaya iliyokuwa ikijirudia mara mbili kwa wiki, nikasahau bomba la mpira likiwa limeelekea upande wao. Ndoo ziliingia zikilia, zikatoka kimya, na kifuniko juu. Wizara ilituma wakaguzi wakaandika kwamba ushangiliaji wa Kaukeni ni urithi wa taifa. Tulipewa kikombe cha Mashabiki Bora miaka mitatu mfululizo. Kanuni za mchezo hakuna aliyekuwa akizijua.

Pembeni ya uwanja ilikuwapo zahanati ya Sista Eufrasia, mkunga wetu, mwanamke mwembamba asiyependa hotuba. Alikuwa na ndoo kumi na mbili, kubwa kuliko za mtu yeyote. Wajawazito wote wa mji aliwashauri wajitahidi kuzaa Jumatano au Jumapili, na wengi, kwa adabu, walijitahidi.

Mke wangu hakuweza kuchagua siku. Mwaka ule ligi ilikuwa imesimamishwa majuma manane kwa ugomvi wa nani ana haki ya kununua filimbi za waamuzi. Alijifungua mtoto wa kike katikati ya ugomvi huo, na yeye mwenyewe akaishi siku sita tu. Sikumlaumu mtu, barua ya rambirambi ya Wizara ninayo mpaka leo, imepigwa muhuri vizuri sana. Mtoto nilimwita Tausi, nikamlea mwenyewe. Ndiye peke yake niliyebaki naye, na mwaka huu ninaousimulia alikuwa amerudi kwangu na mimba ya miezi sita, baada ya mume wake kwenda kutafuta kazi na kuishia kutafutwa yeye.

*

Jumatatu moja redio ya taifa ilitangaza kwamba Radi ya Kaukeni haiuzwi.

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Ndiyo maana nikaogopa. Sisi wananchi wa nchi ile tumelelewa vizuri: redio ikisema sukari ipo ya kutosha, tunakimbia dukani na mifuko. Jumanne ikasema timu haiuzwi na mnunuzi ameombwa awe na subira. Jumatano ikasema hakuna mnunuzi, na kwamba amewasili nchini salama. Alhamisi ikasema Radi haitahamia Makao Mapya, mji mkuu unaojengwa, ambako uwanja wake umeshakamilika na kupakwa rangi. Mnunuzi hakutajwa jina. Aliitwa Mwekezaji, na mtangazaji alipofika hapo alikuwa akishusha sauti kama yuko msikitini.

Tausi alikuwa akichambua mchele. "Baba," akasema, "wakiihamisha timu, wewe watakuhamisha?"

"Hawahamishi mtu. Umesikia redio."

"Nimesikia. Nimehesabu pia. Mimi najifungua mwezi wa tisa, na ligi mwezi wa tisa ipo. Nilikuwa nimejipanga vizuri."

Nilimwambia serikali haiwezi kukosa kulifikiria jambo kama hilo. Kisha nikatoka nje nikahesabu Jumatano na Jumapili za mwezi wa tisa kwa vidole.

*

Tulikutana chumba cha kubadilishia nguo kuandika barua kwa Waziri. Wazee walikuwapo, timu ilikuwapo, na Sista Eufrasia alikuwapo, amesimama mlangoni na aproni yake.

"Andikeni maji," akasema kabla hatujakaa.

Mzee mmoja akaenda kufunga dirisha.

"Sista," nikamwambia, "tukiandika maji, tumekiri. Mji mzima ni wezi kwa miaka ishirini na miwili. Mimi peke yangu nina minne ya kwenda kukaa ndani. Nani atakuwa na Tausi?"

"Na msipoandika, atakuwa na nani?"

Damasi, nahodha, akaingilia. "Sista, serikali hii ukiiomba maji inakupa historia ya maji. Ukiiomba mpira inakupa mpira. Tuombe timu. Timu ikibaki, zulia linabaki. Zulia likibaki, lazima lilowekwe. Maji yatabaki yenyewe bila kutajwa."

Watu walipumua. Ilikuwa hoja nzuri. Hata sasa sijaona pa kuipasulia. Sista peke yake ndiye hakupumua.

"Mficha uchi hazai, Mzee Ngwali," akasema. "Mimi ni mkunga, hilo nalijua kuliko ninyi." Akaondoka.

Tukaandika kurasa nne. Nilikuwa na mwandiko mzuri, nikapewa kalamu. Tulieleza kwamba mpira wa magongo ni damu yetu, kwamba watoto wetu wanazaliwa wakilia jina la Radi, kwamba babu zetu walicheza magongo kabla ya kuja kwa wageni, jambo ambalo hata babu zetu wangeshangaa kulisikia. Neno maji lilipotaka kuponyoka mahali pamoja, kwenye sentensi iliyosema tunaipenda timu kama maji, wazee waliligundua tukalifuta, tukaweka kama asali.

*

Serikali sikivu ikaunda Tume ya Kukusanya, Kuchambua na Kurejesha Maoni. Wajumbe tisa walikuja na magari tisa. Walitupa fomu zenye visanduku viwili, cha kwanza "Ninaipenda timu", cha pili "Ninaipenda timu sana", kisha wakaketi kusikiliza. Mezani kwao palikuwa na chupa za maji ya kunywa, na mwenyekiti alikuwa na tabia ya kunywa nusu na kumwaga nusu chini ili anywe ya baridi. Kila alipomwaga, safu ya mbele nzima ilishtuka.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Bibi Sikujua, muuza vitumbua wa langoni.

"Bibi, timu ikiondoka utafanya nini?"

"Nitakufa, mwanangu."

"Kwa mapenzi?"

"Kwa kiu."

Mimi nilikohoa mpaka machozi yakanitoka. Mwenyekiti alifurahi sana, akamgeukia karani. "Andika: bibi wa miaka themanini ana kiu ya magongo. Weka kwenye muhtasari, ukurasa wa mbele."

Baada ya hapo kila mtu alisema kweli bila hofu. Walisema hawawezi kupika bila Radi, hawawezi kuoga bila Radi, Radi ikiondoka watahama na mbuzi wao. Karani aliandika yote, na pembeni akaandika "mahaba". Sista Eufrasia alipoitwa alisema, "Muulizeni Mzee Ngwali, yeye ndiye anayejua." Wakaniuliza. Nikasema mapenzi yetu kwa timu hayapimiki kwa chombo chochote, walau si kwa ndoo moja. Walicheka, wakanipa kofia.

*

Tulipokuwa tukisubiri majibu tulifanya mkutano mwingine, wa namna ya kucheza. Tukishinda, thamani ya timu inapanda na Mwekezaji anazidi kuitaka. Tukifungwa, tunashuka daraja la pili, na daraja la pili huchezwa kwenye vumbi. Ikabaki sare.

Kutoka sare kila mechi si kazi ndogo. Wageni wengine hawafungi hata ukiwaachia uwanja wote. Katika mechi ya tano mshambuliaji wao alipoteza mpira mara sita mbele ya goli tupu, mpaka golikipa wetu akamshika mkono akamwelekeza. Katika mechi ya sita sisi ndio tuliofunga kwa bahati mbaya, na Damasi, zikiwa zimebaki dakika mbili, akazunguka akajifunga kwa ufundi mkubwa, mji mzima ukambeba mabegani ukilia kwa furaha. Sare saba mfululizo. Redio ikasema Mwekezaji amevutiwa na nidhamu ya timu, na bado haiuzwi.

Usingizi ukanihama. Tumbo la Tausi lilikuwa limeshuka, miguu imevimba, na kila Jumatano na Jumapili alikuja mwenyewe na ndoo yake, akaipiga kidogo kwa kiganja langoni ili asivunje sheria, akakaa mbele. Nilimjazia pomoni. Sikuwa nikiangalia tena kama mkaguzi ananiona.

*

Jumapili ya uamuzi, Waziri akisubiriwa uwanjani na majibu, Tausi alishikwa na uchungu alfajiri. Nilimpeleka zahanati nikamkuta Sista anahesabu ndoo.

"Za Jumatano zimeisha jana," akasema. "Lakini leo Jumapili, ana bahati. Fungua mapema, Mzee Ngwali. Hii ni mimba yake ya kwanza, na mtoto amelala vibaya."

Nilikimbilia kwenye koki. Nikamkuta afisa wa itifaki amesimama mbele yake. Alinieleza kwa upole kwamba zulia halitalowekwa mpaka Mheshimiwa amalize, maana Mheshimiwa amevaa viatu vya ngozi ya mamba, na viatu hivyo, ajabu, havipatani na majimaji.

Mheshimiwa Dakta Kanali Mstaafu Gaspari Lumbesa, Waziri wa Michezo, Mali na Mengineyo, alifika saa nne. Kando yake kiliwekwa kiti chenye mto kwa ajili ya Mwekezaji, ambaye hakuja. Kiti kilipigiwa makofi. Hotuba ilianza na uumbaji wa dunia, ikapita kwenye uhuru, ikakaa muda mrefu kwenye utoto wa Mheshimiwa. Jua lilitupiga. Watu elfu nne walikaa na ndoo tupu magotini. Kutoka zahanati nilimsikia Tausi mara mbili, na mara ya tatu Mheshimiwa alinyamaza akatabasamu, akidhani anashangiliwa.

Saa nane akafika kwenye jambo lenyewe.

"Ndugu wananchi, barua yenu nimeisoma. Kurasa nne. Nilitoa machozi, mashahidi wapo. Na ripoti ya Tume nimeisoma, ukurasa wa mbele. Serikali yenu si kiziwi. Kwa hiyo natamka: Radi ya Kaukeni haihami. Haihami leo, haihami kesho. Wachezaji, jezi, magongo, jina, vyote ni vyenu milele."

Sijawahi kusikia ndoo zikilia namna ile. Bibi Sikujua aliangua kilio. Damasi alipiga magoti juu ya zulia. Mimi nilijishika kichwa nikasema Alhamdulillahi, Tausi, tumepona, na nikaanza kutembea kuelekea kwenye koki.

"Naye Mwekezaji," Mheshimiwa akaendelea, "kwa moyo wake mkubwa, amekubali kuchukua vile tu ambavyo ninyi hamkuvitaja."

Ndoo zikapungua.

"Nilimwagiza katibu wangu ahesabu. Timu mmeitaja mara sitini na mbili. Zulia, hata mara moja. Pampu, hata mara moja. Maji, ndugu zangu, hamkuyataja kabisa, na hilo limenigusa, kwamba watu maskini wanaishi kando ya maji miaka ishirini na miwili na mioyo yao iko kwenye mchezo tu. Pampu ilishang'olewa kisimani asubuhi. Bomba litafuata. Zulia litakunjwa tukimaliza chakula."

Hapo ndipo Sista Eufrasia alipokuja. Alivuka uwanja katikati, aproni ina damu, ndoo moja mkononi, akasimama mbele ya viatu vya mamba.

"Mheshimiwa, naomba maji. Nina mzazi mezani."

Neno lilikuwa limetamkwa. Mbele ya serikali, kwa sauti ya kawaida. Mheshimiwa alimtazama kwa huzuni ya kweli, nadhani. Hakuwa mtu mbaya.

"Maji ya michezo, Sista?"

"Tumekuwa tukiyatumia wote. Waulize."

Akawageukia watu. Nyuma yake afisa mmoja alifungua daftari, akachomoa kalamu. "Ndugu wananchi," Mheshimiwa akauliza, "kuna mtu yeyote hapa anayetumia maji ya michezo?"

Naapa alikuwa tayari kusikia. Angetukasirikia, angetufunga wachache, lakini angesikia, na palikuwa na gari la zimamoto limejaa maji nyuma ya jukwaa, lililoletwa kwa usalama wake. Ilitosha watu elfu nne kusema neno fupi. Mimi peke yangu ningetosha. Nilikuwa na kofia ya Tume kichwani na ufunguo mfukoni, na mtoto wangu analia umbali wa hatua mia.

"Hapana!" ukajibu mji wa Kaukeni, kwa pamoja, kama tulivyozoea kujibu. Na sauti yangu ilikuwamo, niliisikia kwa masikio yangu.

Sista hakumtazama Mheshimiwa tena. Alinitazama mimi, kisha akageuka na ndoo yake tupu akarudi alikotoka.

Itifaki ilitaka mtumishi mwenye dhamana aing'oe koki na kuikabidhi kwenye sinia. Nikapewa spana. Yalitoka matone machache, kisha hewa. Wapiga picha waliniomba nirudie.

*

Tausi alijifungua saa kumi na moja jioni. Sista alinawa mikono kwa soda za meza kuu, zilizobaki chini ya kiti cha Mwekezaji, maana kitu kingine cha majimaji hakikuwapo. Gari la zimamoto lilikuwa limeshaondoka na msafara. Mtoto ni wa kiume, mzima. Siku ya tatu mama yake alianza homa, na siku ya saba alikuwa hanijui.

Nimeandika barua ya pili. Haina kurasa nne. Ina neno moja. Nimejibiwa kwamba muda wa kupokea maoni ulishapita.

Wanawake walimlaza mwanangu Tausi kwenye mkeka. Kumwosha hakukuwezekana, kwa hiyo walimtayamamisha: walipiga viganja kwenye vumbi la uwanjani, pale lilipokuwa zulia, wakampaka usoni na mikononi, kama dini inavyoruhusu pale maji yanapokosekana. Walifanya polepole na kwa heshima zote. Mimi nilikuwa nje ya mlango na mjukuu mikononi.

Radi ya Kaukeni ilikuja mazikoni ikiwa imevaa jezi, kikosi kizima, kwa sababu nguo nyingine zote za mji zilikuwa chafu. Siku hiyohiyo alifika mkaguzi kutoka Wizarani kuhakiki utekelezaji wa ahadi ya serikali. Hakutaka kutusumbua. Alisimama kando ya kaburi, akawahesabu wachezaji waliokuwa wakifukia, akapata kumi na mmoja, akaandika: timu ipo.